Gari Nililonunua kwa Adabu

Watu hununua magari mabovu kwa sababu zao. Wapo wapenda mashine, wapo waliodanganywa, na wapo wanaopatwa na wazimu fulani wakishafika miaka hamsini. Mimi langu nililinunua kwa adabu. Mama yangu, mwanamke wa Tanga, alinilea nikijua kwamba mkwe hambishii baba mkwe, na mbele ya watu ndiyo kabisa. Malezi hayo mema nikayabeba mpaka kwenye banda la shamba moja kaskazini mwa Toronto, nikatoa hela, nikaondoka na gari ambalo nilijua limeoza.

Wala msinione mjinga wa magari. Kazi yangu ni bima. Nakaa ofisini Markham, natazama picha za magari yaliyogongwa, naandika lipi litengenezwe na lipi likauzwe chuma chakavu. Nimeishi mji huu zaidi ya miaka ishirini. Naijua chumvi wanayomwaga barabarani kila baridi ili watu wasiteleze, na najua inavyoyala magari kwa chini, polepole, huku juu yanang'aa. Kutu naitambua kwa rangi tu.

Baba mkwe wangu yeye alikuwa haijui. Alikuwa amefanya ufundi wa magari Morogoro miaka thelathini na tano, na huko gari hufa kwa injini, kwa springi, kwa mashimo ya barabarani na kwa dereva. Kuliwa na chumvi ni ugonjwa ambao hajawahi kuletewa.

Alikuja Aprili, miezi mitano baada ya kumzika mama mkwe. Alikuja kutembea, kwa viza ya miezi sita, lakini mume wangu alikuwa na mpango wake. Yeye ni mtoto wa pekee, na usiku wa msiba aliapa kwamba baba yake hataachwa peke yake katika nyumba ile. Makaratasi ya kumbakisha alishaanza kuyajaza kabla ndege haijatua. Kila jioni alimuuliza, "Baba, sasa utabaki, sivyo?" na kila jioni mzee alijibu, "Tutaona." Tiketi ya kurudi, ya mwanzoni mwa Oktoba, aliiweka ndani ya pasi, na pasi ilikaa mfuko wa shati. Hakuiweka kabatini hata siku moja.

Wiki mbili za kwanza alikuwa na furaha kwa sababu nyumba yetu ni mbovu. Alitengeneza bomba la bafuni, bawaba za mlango wa uani, kiti kilichokuwa kikiyumba tangu mwanangu yuko shule ya chekechea. Alishughulika mpaka vya kutengeneza vikaisha. Siku moja nikarudi mapema, nikamkuta jikoni na bisibisi, analegeza skrubu za kabati. Zilezile alizokuwa amezikaza Jumatatu. Nikarudi nyuma taratibu, nikakohoa mlangoni kama mgeni, ndipo nikaingia.

Sisi nasi tulimshika kama yai. Hakuna aliyemtuma, hakuna aliyembishia. Asubuhi moja aliamua kutupikia chai. Kopo la chumvi na kopo la sukari kwangu yanafanana, na mzee hakuwa amevaa miwani. Nilipopiga funda la kwanza machozi yalinitoka. Nikamtazama mume wangu. Akameza, akatabasamu, akasema, "Baba, chai yako kama ya mama," kisha, Mungu amsamehe, akaomba kikombe cha pili. Binti yetu wa miaka kumi na minne, ambaye Kiswahili anakisikia chote ila hujibu kwa Kiingereza, alikunywa mpaka mwisho na kusema, "It's really good, Babu." Mzee alitutazama mmoja mmoja, akaenda kukaa kwenye kiti chake cha dirishani.

Kile kiti cha dirishani ndicho kilichonitia hofu. Niliona wazi kwamba kama hajapata kazi ya mikono, Oktoba anaondoka. Nami nilitaka abaki. Nasema kweli, sikuwa natenda wema kwa ajili ya mume wangu tu. Baba yangu mwenyewe alifariki nikiwa mdogo, na mwanamume huyu ndiye wa kwanza kuniita "mwanangu" bila kutaka kitu.

Basi nikaona tangazo. Gari la Kimarekani la mwanzoni mwa miaka ya sabini, milango miwili, boneti ndefu kama kitanda, injini kubwa kupita mahitaji ya mtu mwenye akili timamu. Yale ambayo vijana wa zama hizo walikuwa wakishindana nayo mbio barabarani. Limelala bandani miaka mingi, linauzwa lilivyo. Nikamwonyesha kwenye simu.

"Injini gani?" akauliza.

"V8, baba."

Akavaa miwani. Kwetu ukisema V8 watu wanajua anapita mkubwa, wanapisha njia. Baba mkwe wangu alikuwa ametengeneza magari ya wakubwa kadhaa, lakini kumiliki hakuwahi, wala mtu wa kwao hakuwahi.

"Tukalione," akasema. Lilikuwa jambo la kwanza alilotaka tangu afike.

Mume wangu alipoambiwa alishika kichwa. Fedha zile tulikuwa tumeziweka za kubadilishia jiko. Nikamuuliza, "Unataka jiko au unamtaka baba yako?" Akakubali, maana nami nikilitaka langu huwa nalipata.

Tukaenda Jumamosi, mimi na mzee, na betri ya akiba kwenye buti. Mwenye gari alikuwa bibi mmoja wa Kizungu, mjane, mpole, amevaa viatu vya mpira. Mzee alifahamu Kiingereza cha hapa na pale, kwa hiyo mkalimani nikawa mimi, na dhambi zangu zilianzia hapo.

Bibi akasema, "Mume wangu alilipenda mno. Alikuwa haliachi hata baridi. Theluji, chumvi, yeye anaendesha tu."

Nikatafsiri, "Anasema marehemu alilipenda sana."

Mzee akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akaanza kazi, na hapo nilimwona mtu ambaye nilikuwa sijawahi kukutana naye. Mgongo ulinyooka. Akafungua boneti, akanusa mafuta, akayapikicha baina ya vidole. Akatoa plagi zote nane, akazisugua kwa msasa, akazirudisha. Akafunga betri, akamimina petroli kidogo kwenye kabureta, akaniambia niketi niwashe. Injini ikakohoa, ikagoma, ikakohoa tena, mara ikanguruma hadi njiwa wakaruka darini. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye injini, mpini akaubana sikioni, akafumba macho na kusikiliza kama daktari. Alizunguka hivyo injini nzima.

"Nzima," akasema. Alikuwa akicheka peke yake. "Mwanangu, hii injini nzima. Ya nani hii, ya nani!"

Bibi yule, mwaminifu kuliko mimi, akaninyooshea tochi. "Hamtaki kutazama chini?"

Nikamtafsiria hilo. Mzee akapunga mkono. "Chini kuna nini? Chini ni chini. Bodi tutainyoosha. Injini ikiwa nzima, gari ni zima."

Nilibaki na tochi mkononi, haijawashwa. Gari lilikuwa bado linanguruma, linatikisika, na kwa kule kutikisika vilianza kudondoka chini yake, kwenye sakafu ya saruji, vigamba vya rangi ya kahawia. Vidogo kwanza, kisha kimoja kikubwa kama kiganja. Nilijua ni nini. Kama ingekuwa picha ya ofisini ningekuwa nimeshaandika "chuma chakavu" na kwenda kunywa kahawa.

Ningesema nini? "Baba, umekosea"? Mbele ya bibi wa watu, siku ya kwanza anacheka tangu msiba? Nilisogeza mguu, nikakifunika kile kigamba kwa kiatu. Kisha nikalipa.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa raha tupu. Gari lililetwa juu ya lori, likaingizwa kwenye gereji yetu, letu la kila siku likalala nje. Asubuhi mzee alikuwa kazini kabla sijaenda kazini. Jioni nilimkuta na grisi mpaka kwenye nyusi, akiimba. Skrubu za kabati zikapata amani. Mume wangu alinibusu shingoni akasema kwamba mimi nina akili, na mimi nikapokea sifa zile bila haya.

Jumamosi ya tatu nilikuwa nimesimama mlangoni mwa gereji na vikombe viwili vya chai, ya sukari. Mzee alikuwa ameketi kwenye usukani akijaribu breki alizozimaliza. Akakanyaga kwa nguvu. Nikasikia sauti kama mtu amekalia bati. Nikatazama chini ya gari, na pale, juu ya saruji, umetokea mguu wa baba mkwe wangu na kandambili yake ya bluu.

Nilicheka. Nilicheka mpaka chai ikamwagika. Yeye hakucheka. Aliuvuta mguu wake juu, akashuka, akaniomba tochi. Akalala chali akaingia chini ya gari, na nikaona mwanga ukienda huku, ukienda kule, ukisimama. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka alikuwa na vigamba vya kutu kwenye mvi zake.

"Uliona," akasema.

"Sikuona, baba."

"Kule bandani ulisogeza mguu. Nilidhani umekanyaga mdudu."

Akanawa mikono, akaenda kwenye kiti cha dirishani. Chakula cha jioni hakukigusa. Mume wangu aliuliza kuna nini, tukamjibu sote wawili kwa pamoja, "Hakuna kitu," na hilo nadhani ndilo lililomwudhi mzee kupita yote.

Siku ya pili, wengine walipotoka, aliniita. Hakupandisha sauti.

"Nimefanya kazi hii kabla hujazaliwa," akasema. "Nimekosea mara nyingi. Nilifunga injini nikasahau spana ndani. Vijana walinicheka, wateja walinitukana, mama mkwe wako ndiyo usiseme. Hakuna siku hata moja mama mkwe wako aliniambia 'ndiyo' bila kwanza kuniambia 'hapana.' Sasa nimekuja hapa. Kila neno langu, ndiyo baba. Vizuri baba. Nimewapikia chai ya chumvi, mkainywa!"

"Ulijua?"

"Nilikunywa na mimi! Niliwatazama. Nikasema, hawa watanizika na huku wanatabasamu. Daktari anaongea na mwanangu, mwanangu ananiambia niko vizuri. Hata mtoto ananidanganya kwa Kizungu chake. Mtu anayedanganywa na kila mtu, mwanangu, huyo ameshakufa, bado kuzikwa tu."

Nililia. Nilimwomba radhi kwa goti, kama nilivyolelewa, na hilo nalo likamchosha. "Inuka," akasema. "Goti silitaki. Nilitaka tochi."

Siku tatu hakuingia gereji. Nami ile hasira yangu, ambayo kwetu Tanga inajulikana mtaa mzima na ambayo mbele ya wakwe nilikuwa nimeikunja na kuitia sandukuni miaka kumi na tisa, ikaanza kufurukuta. Siku ya nne nilitoka kazini, nikaenda moja kwa moja dirishani, hata shikamoo nikasahau.

"Ulikosea, baba," nikasema. "Ulipewa tochi ukaikataa. Mimi nilikosea kunyamaza, lakini wewe ndiwe fundi. Na sasa umeniachia gari halina sakafu na jiko sina."

Alinitazama. Nilidhani ananipiga. Kisha mdomo ukaanza kumtetemeka pembeni.

"Shikamoo iko wapi?" akasema.

"Shikamoo."

"Marahaba. Haya, nenda kavae nguo za kazi."

Tukawekeana sharti: ndani ya gereji hakuna ndiyo baba. Nje nitakuwa mkwe, nitapiga goti, nitamtengea chakula kwa mikono miwili. Ndani tunabishana.

Na tulibishana. Mimi nilitaka kuagiza sakafu iliyokwisha kutengenezwa, maana magari hayo yana vipande vyake vipya vinauzwa. Akakataa, akasema huko ni kununua, si kutengeneza. Alitaka kuipiga kwa nyundo. Jirani alikuwa ametoa nje mashine kuukuu ya kukaushia nguo, imewekwa ukingoni mwa barabara ichukuliwe na gari la taka, na mzee akaiburuta nyumbani akiona ameokota dhahabu.

"Bati lake jembamba," nikamwambia.

"Jembamba wapi? Hili nimejengea nusu ya magari ya Morogoro."

"Jembamba, baba. Litabonyea."

Hatukuafikiana siku mbili. Siku ya tatu nikamkuta amelilaza lile bati juu ya matofali mawili, kapanda juu yake, nalo limepinda kama chapati na yeye kasimama katikati.

"Umebahatisha," akasema. Tukaenda kununua bamba nene.

Kazi yenyewe ilichukua kiangazi kizima. Alijaza mchanga kwenye mguu wa suruali kuukuu ya mume wangu, akaushona ncha mbili, akauweka juu ya gogo. Juu ya mchanga huo akalaza bamba, akaligonga. Kidogo, kidogo, anageuza, anagonga, anapitisha kiganja huku amefumba macho. Hakutumia kipimo ila kadibodi aliyoikata kwa mkasi wa jikoni kwangu. Kwa siku nyingi sikuona kinachobadilika. Kisha asubuhi moja nikaona mikunjo yote ya sakafu ya kiwandani imo mle ndani, mfereji kwa mfereji, imetoka kwenye mkono wake. Mashine ya kuchomelea tuliikodi. Aliponiambia mshono wangu wa kwanza unafanana na kinyesi cha kuku, nilifurahi siku nzima.

Mume wangu alikuwa akitusikia tukizozana, anakuja mbio mlangoni, anatukuta tunakunywa chai. "Unamjibu baba hivyo?" aliniuliza chumbani, amekasirika kweli. Nikamwambia aje ajaribu. Hakuja. Alikuwa bado anajaza makaratasi.

Septemba gari lilikamilika, rangi haijapakwa, zulia hakuna. Ili liruhusiwe barabarani lazima likaguliwe na fundi mwenye leseni, nasi tukalipeleka kwa Mjamaika mmoja mwenye karakana mtaa wa Mount Dennis. Alilipandisha juu kwenye jeki kubwa, akaingia chini na taa yake. Mzee alisimama kando, mikono nyuma, mkono mmoja ukiuminya mwingine. Mjamaika akagusa sakafu. Akawaita wenzake wawili, wakaja wakainua vichwa kama watu wanaotazama ndege. Kisha akaniuliza nani aliyefanya kazi hii, na kwa mashine gani.

Nikatafsiri lote, sikuacha neno.

"Mwambie nyundo," mzee akasema. "Mwambie mimi na huyu mkwe wangu. Mimi nagonga, yeye kazi yake kubisha."

Nikatafsiri hilo pia. Wale mafundi walicheka, na Mjamaika akampa mzee mkono, akauvuta kifuani, akamwita mwalimu. Hilo mzee alilifahamu bila mkalimani.

Tulirudi mimi nikiendesha. Yeye leseni ya huku hana, akaketi kulia, upande ambao kwetu ndio wa dereva, na kila nilipokaribia taa alikanyaga breki ambayo haipo. Watu kwenye makutano walitupungia mikono. Injini ilikuwa ikinguruma kifuani mwetu, na kwenye sakafu yake tupu, bila zulia, alikuwa ameweka miguu yake miwili sambamba kama mtu aliyeketi kanisani.

"Mwanangu," akasema. "Hapa ni gereji."

"Hapa ni barabarani, baba."

"Hapa ni gereji. Nakuuliza, na usinidanganye. Nikibaki huku, nitakuwa nani?"

Nilijua jibu ambalo mume wangu angelitaka. Nililijua na jibu nililolitaka mimi, maana kiangazi kile nilikuwa nimepata baba.

"Utakuwa mzee wetu," nikasema. "Utapendwa. Utapelekwa hospitali, utaletewa chai. Baridi ikija barafu itakufungia ndani, utakaa dirishani mpaka Aprili. Gari tumelimaliza. Nikikununulia jingine utajua kwa nini nimelinunua."

"Wewe unataka nibaki?"

"Nataka. Sana."

"Lakini?"

"Lakini rudi nyumbani, baba."

Akashusha pumzi. Kisha akanigusa bega, jambo ambalo baba mkwe hafanyi.

"Umekosa njia," akasema. "Nyumbani tumeshapita. Tafuta pa kugeuzia."

Nikageuza huku sioni vizuri kwa machozi.

Mume wangu hakusema nami siku tano. Sikumlaumu. Nilimwambia mwenyewe kwamba mimi ndiye niliyemshauri baba arudi, maana sikutaka alisikie kwa mwingine. Uwanja wa ndege alimkumbatia baba yake kama mtoto anayeachwa shule ya bweni, na mzee akampapasa kichwa, akamwambia, "Sifi, nasafiri." Pasi aliitoa mfuko wa shati.

Theluji ya kwanza ilipoanguka niliingiza gari gereji na kuziba mlango kwa matambara. Fundi wa viti alitaka kuniwekea zulia, nikamkataza. Jumapili moja nikamkuta mume wangu ameketi mle ndani, upande wa kulia, amevua soksi. Miguu yake ilikuwa juu ya alama za nyundo. Nikaketi kwenye usukani, tukakaa hivyo bila kuwasha.

Mzee hupiga simu kila Jumapili. Amefungua gereji ndogo uani kwake, na magari ya mtumba yanayoshuka Dar kutoka ng'ambo analetewa ayatazame kabla watu hawajanunua. Ananiambia anaanza kwa kulala chini. Kwa mwanawe anasema, "Niko vizuri," na mwanawe anamwambia, "Tuko vizuri." Kisha anasema, "Nipe mkwe wangu."

Jumapili iliyopita nilichukua simu, nikasogea nayo dirishani.

"Mwanangu," akasema, "juzi nilianguka bafuni. Nililala pale chini nusu saa. Mkono umevimba, nimekwenda hospitali, haujavunjika. Usimwambie mume wako."

Mume wangu alikuwa mezani, ananitazama, anajaribu kusoma uso wangu.

"Nitamwambia, baba," nikasema. "Leo hii."

Nikasikia mtu anagonga bati huko nyuma yake.

"Nilijua," akasema. "Ndiyo maana nimekwambia wewe."